Kishikwambi cha inchi 8 kwa mwalimu: kitanifaa, au natupa laki nne na nusu?

Mwalimu wa Lumino (Jumapili, saa 3 usiku)

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba mawazo yenu kabla hela haijatoka mfukoni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Busia upande wa Uganda. Nafundisha shule mbili, moja Lumino na nyingine karibu na Majanji ziwani. Kati ya shule na shule ni boda. Nina mfuko mmoja wa mgongoni, na ndani mna kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha mwalimu, kamusi, madaftari ya S2 (mwaka wa pili wa sekondari) niliyoshindwa kusahihisha jana, na koti la mvua. Kamusi peke yake ni uzito wa kilo ya sukari. Mwezi wa nne mvua ilitukuta njiani, kamusi ikalowa, ikavimba, na mpaka leo haifungi. Kuanzia M hadi P kurasa zimegandana. Nikitaka neno la P, nakisia.

S2 nina wanafunzi 64 na nakala 11 za kitabu. Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2020 kazi ya mwalimu imekuwa kuokoteza: picha, vifungu vya kusoma, mazungumzo ya kusikiliza, kazi za mradi. Vingi hunijia kwa WhatsApp vikiwa PDF, nami navisomea kwenye simu ya inchi 6 na nusu. Nina miaka 43. Simu naishika mbali kama mtu anayeogopa itamuuma, na bado "ng'ombe" na "ng'ambo" naviona kitu kimoja.

Sasa nimeweka shilingi 450,000. Nataka kishikwambi kidogo, inchi 7 au 8 hivi, kinachoingia mfuko wa koti. Mke wangu anasema huo ni mwanasesere wa mtu mzima. Mwenzangu wa hesabu ananishauri niongeze laki mbili ninunue laptopu iliyotumika. Laptopu siitaki. Ile shule ya ziwani stima huja ikipenda, na betri za laptopu za mitumba nazijua: dakika arobaini, halafu giza.

Kwa hiyo niambieni ukweli. Kitu hicho kinasaidia, au ni simu kubwa isiyopiga simu? Kitakaa miaka mingapi? Na je, PDF ya A4 inasomeka bila kuivuta kwa vidole kila mstari?

(Msinicheke kwa "kishikwambi". Najua hapa soko la Sofia ukilitamka watu wanadhani unauza kumbikumbi. Lakini nikisema nataka tableti, wananielekeza duka la dawa.)

---

boda_namuwongo (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Mwalimu nunua simu kubwa, maliza. Tabuleti ni ya watoto wa matajiri kuangalia katuni. Yangu niliiuza baada ya wiki sita. Simu inafanya yote, na mobile money juu.

---

Karani wa Bwera (Jumapili, saa 4 usiku)

Ndugu yangu wa boda, hapo sikubaliani na wewe. Mimi nilikuwa karani wa sensa Mei 2024 huku Bwera, vijiji vya juu ya Mpondwe. Sensa ya 2014 watu waliandikwa kwenye karatasi. Hii ya juzi ndiyo ya kwanza Uganda kufanywa kwa tabuleti, na mimi kabla ya hapo sikuwahi kushika hata moja.

Faida yake niliielewa siku ya kwanza: unafanya kazi nayo ukiwa umesimama. Mkono wa kushoto umeishika, wa kulia unabonyeza, na mwenye nyumba anakutazama kama umekuja kupima kiwanja chake. Laptopu inataka meza, na huku kwetu mteremko ni wa hata kuku kusimama upande. Simu nayo ni ndogo kwa kazi ile. Kuna nyumba moja ilikuwa na watu 11. Bibi akataja wajukuu wote, akamsahau mmoja, akamkumbuka tulipokuwa tumeshafika kwenye maswali ya paa na choo. Nikarudi juu kumtafutia nafasi yule mtoto. Kwenye kioo cha inchi nane niliwaona ukoo mzima wamepangana. Kwenye simu ningempoteza na bibi mwenyewe.

Mabaya yake nayo nayasema. Jua la saa sita hufuta kila kitu, nikawa najifunika koti kichwani kama mpiga picha wa zamani. Ukiongeza mwanga, betri inakwenda. Ikifika saa nane mchana nilikuwa natembea na pawabenki mfukoni na waya unaning'inia. Na mvua! Tone likidondoka kwenye kioo linabonyeza kama kidole. Mzee amesema "ndiyo", tone limeandika "hapana". Nilijifunza kuingia jikoni kwa watu.

Mwisho wake Uganda tukahesabiwa milioni 45.9. Tabuleti tukazirudisha. Mimi ningekuwa na hela ningeinunua ile yangu, nilikuwa nimeizoea.

---

Mutukula kwetu (Jumapili, saa 4:15 usiku)

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania, vishikwambi vya sensa yao ya 2022 waligawiwa walimu. Shemeji yangu anafundisha Bukoba, alipata kimoja. Anasema kinamfaa, ila watoto wake wanakipenda kuliko yeye. Na neno ni kishikwambi kweli, mwalimu, wasikutishe.

---

Mama Chapa, Bombo (Jumatatu, saa 2 asubuhi)

Mwalimu, pole na kamusi. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Bombo, kwa hiyo swali lako la A4 ni la kwangu. Nimechukua rula nikapima tabuleti ya kijana wangu, ya inchi 8.7.

Kioo kikisimama kina upana wa sentimita 11 na kidogo. Karatasi ya A4 ina 21. Maana yake ukurasa mzima ukiingia humo unabaki nusu na kidogo, na herufi ya ukubwa wa 12, ile mnayoniletea mitihani, inaonekana kama 6 na nusu. Hiyo ni herufi ya maelezo kwenye karatasi ya dawa. Simu yako ina upana wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo humo inashuka mpaka 4. Ndiyo maana ng'ombe wako wanavuka ng'ambo.

Lakini sikia. Ukurasa una ukingo mweupe kila upande, kama sentimita mbili na nusu. Huo hauusomi, unaulipia bure. Programu nyingi za kusomea PDF zina kitufe cha kukata ukingo. Ukikata, maandishi yanabaki na upana wa sentimita 16, na herufi yako inapanda mpaka 8 na nusu. Hiyo inasomeka, ni kama ya gazeti. Ukikilaza kifaa upande, upana unafika karibu sentimita 19, herufi zinakuwa kubwa kuliko zilivyo kwenye karatasi yenyewe, ila unaona chini ya nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja. Mimi kwa macho yangu nasoma kwa kulaza.

PDF ambayo ni picha ya kitabu kilichopigwa kwa simu, kurasa zimepinda na kidole cha mtu kinaonekana, hiyo hata ukinunua ya inchi 12 itakusumbua.

---

Mama watatu, Arua (Jumatatu, saa 7 mchana)

Mimi nina kinyongo, mniwie radhi.

Shule zilifungwa Machi 2020. Nilidhani ni mwezi mmoja. Zilipokuja kufunguka kabisa ilikuwa Januari 2022, na katikati hapo nilikuwa na watoto watatu ndani ya nyumba na masomo yanayotangazwa redioni saa ambazo stima haipo. Nikauza mbuzi wawili nikanunua tabuleti ya watoto, ile yenye raba ya kijani na mpini kama ya birika. Muuzaji akaniambia ina masomo yote ya P1 mpaka P7.

Masomo yenyewe yalikuwa nyimbo za alfabeti za watoto wa Ulaya, kuna theluji na mtu wa barafu. Mtoto wangu wa P4 akaniuliza kwa nini yule mtu ana karoti puani. Nikapata mwalimu jirani akatuwekea maswali ya kweli, basi miezi mitatu ilitusaidia, siwezi kusema uongo. Yule mkubwa alisoma sehemu za hesabu humo mpaka akazielewa. Halafu mwezi wa nne nikaamka asubuhi nikakuta mgongo wake umeinuka kama andazi. Kioo kimeachana na mwili. Nikarudi dukani, nikaambiwa nimeichaji vibaya. Kuichaji vibaya kukoje? Waya ni mmoja na tundu ni moja.

Mwalimu, kama utanunua, usinunue mpya ya bei ya mbuzi wawili.

---

Fundi wa William Street (Jumatatu, saa 5 usiku)

Mwalimu, habari ya huko. Nimechelewa, leo nilikuwa na vioo saba. Natengeneza simu na tabuleti hapa Kampala, ghorofa ya pili, huu ni mwaka wa kumi na tatu. Wenzangu hapo juu wanaongea kama watumiaji. Mimi naongea kama mtu anayezipokea zikiwa maiti.

Mama wa Arua, pole sana. Hukuichaji vibaya. Betri za zile za watoto ni za mwisho kwa bei, na chaja iliyo ndani ya boksi ni ya mwisho kuliko betri. Ikivimba usiiboe wala usiibonyeze irudi, ina moto ndani. Izime, ipeleke kwa fundi.

Sasa, tabuleti zinakufaje. Wa kwanza ni mdomo wa chaji: mtu analala kitandani anaangalia filamu huku anachaji, waya umekunjika kifuani, mdomo unalegea. Kisha kioo. Kisha betri. Prosesa kufa kwa uzee sijaiona bado. Ila zipo zinazoletwa kwangu nikaambiwa imekufa, kumbe imeachwa tu. Chukua iPad mini ya kwanza, ya 2012. Kioo kinang'aa, mwili chuma, betri bado inajikaza, lakini mfumo wake uliishia iOS 9 na programu nyingi za leo zinaikataa mlangoni. Nexus 7 ya mwaka huohuo iliishia Android 5.1. Ukiuziwa moja ya hizo kwa laki moja na nusu, umenunua fremu ya picha.

Halafu hiyo mini nusura isizaliwe. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple alizikejeli tabuleti za inchi 7, akasema zingehitaji kuuzwa na msasa ili watu wapunguze ncha za vidole. Oktoba 2012, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kampuni yake ikatangaza ya inchi 7.9, na watu wakaipanga foleni kwa vidole vilevile.

Tuje kwenye hela yako. Kuna mpya zisizo na jina, boksi limeandikwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 12 na hifadhi GB 512, bei laki mbili na nusu. Nimezifungua kwa bisibisi yangu. Ndani unakuta hifadhi ya 32 na RAM ya 2. Walichofanya ni kuufundisha mfumo uongo, ukiingia kwenye mipangilio unakuonyesha 512. Wewe unajaza vitu. Ukivuka ukubwa wa kweli, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani, au zinabaki jina bila kitu ndani. Mteja wangu mmoja, mpiga picha, alipoteza kwanjula nzima (sherehe ya utambulisho wa ndoa) namna hiyo. Bibi harusi, shangazi, ng'ombe, vyote majina matupu. Alikaa kwenye benchi langu hajui atawaambia nini wale watu.

Kwa hiyo dukani usimuulize muuzaji, kiulize kifaa. Fungua kamera, rekodi dakika mbili. Katikati toka, fungua programu nyingine mbili, rudi. Yenye RAM kidogo itaanza upya kila unaporudi, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Gusa mgongo, ukiwaka moto ndani ya hizo dakika mbili, iache. Kisha ilaze juu ya kioo cha kaunta, isukume kona kwa kidole. Inatakiwa ikae palepale au iteleze. Ikizunguka kama pia, betri imeshaanza tumbo.

Mimi ningekupeleka kwenye iliyotumika lakini yenye jina. Mfano Samsung Tab A7 Lite ya 2021: inchi 8.7, betri ya mAh 5,100, mdomo wa USB-C, na kioo chake nakipata hapa mjini siku hiyohiyo. Hilo la mwisho ndilo ningelianza. Kifaa ambacho fundi wa mtaani hana kioo chake kwenye droo, kikianguka mara moja umekizika. Chukua yenye RAM 3 kwenda juu.

Kabla hujatoa shilingi, muuzaji afute kila kitu mbele ya macho yako, aunganishe intaneti, muiwashe mpaka ukurasa wa kwanza. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikaandika kwamba ni mali ya shirika fulani, iweke chini uende zako. Hizo zimetoka kwenye miradi kwa njia zake. Kila wiki naletewa nizifungue. Sizifungui, na hata ukimpata wa kuzifungua, siku ukiifuta inajifunga tena.

Na kama una ndugu Marekani akakutumia Fire ya Amazon, mshukuru, isomee vitabu. Ila haiji na Play Store, usije ukanipigia usiku.

Nyingine moja nalala. Tabuleti ya nyumba nzima haidumu. Ile ya mtu mmoja mwenye kazi moja naiona miaka mitano baadaye inakuja kubadilishwa betri tu.

---

Mwalimu wa Lumino (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Fundi, Mama Chapa, karani, nawashukuru nyote. Mama wa Arua, habari ya mbuzi imeniuma, na ile ya karoti nimemsomea mke wangu.

Swali dogo kwa fundi. Nikiweka laini humo, naweza kufanya mobile money? Kuna wazazi wananitumia hela za mafunzo ya likizo.

---

Fundi wa William Street (Jumanne, saa 3 asubuhi)

Inategemea, mwalimu. Zipo zinazokubali laini kwa intaneti peke yake. Piga *165# (MTN) au *185# (Airtel) hapohapo dukani, kulingana na laini yako. Kama haina hata kitufe cha kupigia, umepata jibu. Ushauri wangu: laini ya hela iache kwenye simu. Tabuleti inaazimwa, simu haiazimwi. Na ukitaka laini mpya sajili kwa kitambulisho chako cha taifa, usinunue iliyosajiliwa tayari barabarani.

---

boda_namuwongo (Jumanne, saa 3:10 asubuhi)

Nilisema simu kubwa. Mobile money ndiyo hiyo.

---

Mwalimu wa Lumino (wiki tisa baadaye, Jumamosi, saa 2 usiku)

Nimerudi kutoa ripoti, kwa sababu watu huuliza humu kisha hupotea.

Nilikwenda Kampala likizo ya mwezi wa nane. Taksi ya saa kumi na moja alfajiri, Namawojjolo nikanunua gonja, saa nne nikawa mjini. Duka la kwanza nikaomba kifutwe, muuzaji akasema mashine yake ya kufutia haipo. Sikujua kuna mashine. Duka la pili kijana akakubali, akafuta, kikawaka, na maandishi yakatokea kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na shirika. Nikamtazama. Akasema, "Hilo ni tangazo tu, ssebo." Duka la tatu ndipo nilipokipata: Tab A7 Lite, RAM 3, mkwaruzo mmoja kwenye kona, shilingi 420,000 na kifuniko juu. Nikaisukuma kona kwenye kaunta. Haikuzunguka. Mwenye duka akaniuliza kama mimi ni fundi, nikasema mimi ni mwalimu wa Kiswahili, akapunguza elfu kumi. Sijui ni heshima au huruma.

Data nilipakua Busia mjini kwa waifai ya rafiki, maana kwa bando langu, pamoja na ule ushuru wa 12% uliowekwa Julai 2021, ningefilisika. Kwa programu ya Kiwix nimeweka Wikipedia ya Kiswahili nzima, inafunguka Majanji ambako mtandao ni hadithi. Kamusi nimeweka, na sasa nina herufi P. PDF nazikata ukingo kama alivyosema Mama Chapa, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimesoma kifungu kizima kabla ya wanafunzi kukiona.

Darasani mambo hayakwenda nilivyowaza. Somo la kusikiliza nilikuwa na sauti ya dakika tatu, watu wawili wanabishana bei ya samaki. Nikakiweka mezani, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Benchi mbili za mbele walisikia. Nyuma walisikia mvumo, kama nzi ndani ya chupa. Msichana mmoja akatoka bila ruhusa, akarudi na ndoo tupu ya plastiki ya mpishi, akaniambia, "Mwalimu, kiweke humu." Nikakisimamisha ndani, kimeegemea ukingo. Sauti ikatoka nene, ikafika hadi dirishani. Tumesikiliza ugomvi wa samaki mara nne, na wavulana wa ziwani wakaanza kubisha kwamba bei iliyotajwa ni ya wizi, sangara wa ukubwa huo hauzwi hivyo. Ubishi wote kwa Kiswahili. Kwa muhula mzima uliopita sikuwa nimewatoa sentensi tatu mfululizo.

Kusoma nawagawa vikundi. Watu wanane wanakizunguka kama wacheza bao la omweso, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine ndiye mwenye ruhusa ya kugusa kioo. Wengine wanatumia zile nakala 11. Kikundi kikimaliza, kinapokezana. Hakijaanguka bado. Nimegonga meza ya mbao hapa.

Hasara zake sasa. Kuandika humo ni adhabu. Nilijaribu kutunga mtihani wa katikati ya muhula, maswali kumi yalinila jioni mbili, na kila nikiandika "wanafunzi" kifaa kinaona nimekosea kinanipa neno la Kiingereza. Nimerudi kwa dada wa kuchapa pale kituoni. Alama naziandika kwenye daftari kama zamani. Kwa hiyo yule mwenzangu wa hesabu ana haki kwa upande huo: ukitaka kuandika, nunua laptopu. Kuchaji nachaji saluni ya Majanji, shilingi 1,000, na kinakaa siku mbili nikikitumia kwa vipindi tu. Niliwahi kukiunganisha moja kwa moja na sola ya mwenye nyumba. Kila wingu likipita kinaacha kuchaji kinaanza tena, jioni nikakuta kimepanda asilimia 30. Nimeacha.

Kwenye boda nakifunga kwenye kaveera (mifuko ya plastiki) mbili ndani ya koti. Mfuko wa mgongoni sasa una madaftari tu na koti la mvua, na kamusi ile iliyovimba iko nyumbani, mke wangu anagandamizia dirisha.

Tatizo lililobaki ni mkuu wa masomo. Amekiona, amekipenda, na jana ameniomba nimwazime mwisho wa juma ili watoto wake "waangalie kidogo". Nimemwambia kina nenosiri nami nimelisahau. Hakina nenosiri lolote.

---

Fundi wa William Street (Jumamosi, saa 2:30 usiku)

Weka leo, mwalimu. Na hiyo ndoo usiirudishe kwa mpishi.